Siku ya Kuondoka: Desemba ya Kilimanjaro na Kazi ya Kuagana

Ni Novemba, na wengi wenu, nina hakika, tiketi za basi mmeshakata.

Ikifika katikati ya Desemba, jiji hili la Dar es Salaam huanza utani wake wa kila mwaka. Dukani kwa Mangi, yaani Mchaga mwenye duka la mtaani, pamefungwa. Anayetaka sukari ya robo au kiberiti anavuka mtaa wa pili, nako anakuta kufuli. Foleni imepungua hata saa za jioni. Watu wanacheka na kuulizana Wachaga wamekwenda wapi, na jibu analijua kila mtoto wa mjini: wameenda kuhesabiwa.

Utani huo mimi nauchukua kwa uzito. Jioni hii nazungumzia safari ya Desemba ya kurudi Kilimanjaro, ila sitakaa sana kwenye sehemu inayopigwa picha, yaani mbuzi, magari na nguo mpya za kanisani. Nataka tuitazame siku ya mwisho, siku ya kuagana. Hoja yangu ni moja. Familia za mlimani zimetawanyika kwa karibu miaka mia moja na bado ni familia, na kilichozishika pamoja ni yale yanayofanyika watu wanapojiandaa kuondoka. Bahati mbaya, hayo ndiyo tunayoyafupisha siku hizi.

Waliotoka mlimani

Tuanze na hesabu yenyewe. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta mkoani Kilimanjaro watu 1,861,934. Miaka kumi nyuma, Agosti 2012, walikuwa 1,640,087. Ongezeko hilo halifiki asilimia 14. Katika muda huohuo nchi nzima ilitoka watu milioni 44.9 ikafika milioni 61.7, ongezeko la asilimia 37. Sababu za tofauti hiyo ni zaidi ya moja, lakini mojawapo tunaijua bila kuuliza: vijana wanaondoka. Desemba wanarudi, vijiji vinafurika, ila karani wa sensa hapiti Desemba. Hesabu ya Desemba wanaifanya wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Kwa nini waliondoka? Kwanza ni ardhi. Mchaga amekulia kihambani. Miti mikubwa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga ardhini, nyumba na banda la ng'ombe katikati, na maji yakishuka kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu. Ni kilimo kilichokomaa kiasi kwamba mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Lakini kihamba hakitanuki. Kilichomtosha babu na mke wake hakiwatoshi wajukuu kumi na watano.

Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, aliueleza vizuri utaratibu wa urithi. Mtoto wa kiume wa kwanza alikuwa na fungu lake. Wa mwisho alibaki na wazazi, akawatunza, akarithi nyumba na kihamba chao. Wa katikati walijitafutia. Zamani walipanda juu au kushuka chini kutafuta pori la kufyeka. Pori lilipokwisha, walitafuta mshahara.

Hapo ndipo kahawa na shule vilipoingia. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika, kikafuata mwaka 1933. Fedha ya kahawa ililipa ada katika shule za misheni. Wamisionari Wakatoliki walishajenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika mwaka 1893. Aliyesoma akawa karani, mwalimu, mganga wa zahanati, mfanyabiashara. Kazi zikampeleka Arusha, Tanga, Nairobi, Mombasa, na hapa Dar es Salaam.

Kwa hiyo desturi hii ya kurudi Desemba, tunayoiita ya mababu, ni changa kuliko tunavyopenda kuamini. Tarehe imetoka kanisani, nauli ikatoka kwenye kahawa, na sababu ya kurudi ikatoka kihambani. Babu wa babu zetu hakurudi nyumbani Desemba, kwa kuwa hakuwa ameondoka.

Swali la kujiuliza ni kwa nini bado wanarudi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, fedha ya mama inafika kwa dakika moja. Sauti inafika, na siku hizi hata sura inafika kwa simu. Safari nayo ni adha: kilomita zipatazo 550, nauli zinazopanda kila zinapopata mwanya, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikitoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, abiria wakilala stendi ya Magufuli pale Mbezi. Treni ya abiria ya Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini, mabehewa yalijaa. Watu hawavumilii yote hayo kwa ajili ya supu. Kuna kitu kule ambacho hakitumwi kwa simu.

Nyama ina wenyewe

Twendeni basi mpaka kijijini, asubuhi ya kuchinja. Wanaume wa ukoo wamekusanyika nyuma ya nyumba, majani ya mgomba yametandikwa chini, na mbuzi dume aliyelishwa ndani kwa miezi anatolewa. Damu inakingwa kwenye beseni kwa ajili ya kisusio, supu ya damu. Vijana waliotoka Dar wameshika simu, wanapiga picha. Mzee mmoja hashiki kisu wala simu. Amekaa kwenye kigoda, anaangalia, na kila kiungo kinapotoka anasema neno moja: hiki cha fulani.

Huyo mzee ndiye wa kumtazama. Nyama ya mlimani haigawanywi kwa ukubwa wa njaa. Kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe: ya baba, ya mjomba, ya dada aliyeolewa, ya mama mwenye nyumba, ya aliyechuna. Bruno Gutmann, mchungaji Mlutheri aliyekaa Uchagani miongo kadhaa, alizijaza sheria kama hizi katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1926 kuhusu sheria za Wachaga. Tangu siku zake mengi yamebadilika, na ukoo huu hugawa tofauti na ule, lakini maana haijapotea. Mjomba asipoletewa fungu lake, ameshaambiwa jambo bila mtu kufungua kinywa. Na kijana aliyepelekwa na sahani ya nyama nyumba kwa nyumba amefundishwa ukoo wake kwa miguu: nani ni nani, anakaa wapi, na anadaiwa heshima gani.

Mbege nayo tuipe haki yake. Ndizi zinaiva, zinachemshwa muda mrefu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi uliooteshwa unasagwa, unapikwa uji, unatiwa gome la msesewe kwa uchungu wake, kisha vinachanganywa. Pombe inayonywewa tarehe 25 imeanza kupikwa kabla nusu ya wageni hawajapanda basi. Aliyeipika ni nani? Mara nyingi ni mke wa yule mtoto wa mwisho, aliyebaki na wazee. Mkumbukeni huyo mama, nitarudi kwake.

Kikao

Kati ya tarehe 26 na mwaka mpya hufanyika jambo ambalo wageni hawaalikwi. Viti vinatolewa uani, watoto wanafukuzwa wakacheze mbali, na ukoo unakaa kikao. Kikao hiki kinafanana na mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, na sidhani ni kwa bahati, kwa sababu wazee wengi waliokianzisha walijifunza kuendesha mikutano kwenye ushirika wa kahawa. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na kuna daftari la kaunta lenye jalada gumu ambalo limepita mikono mingi.

Humo daftarini ndimo familia ilimo. Nani alitoa shilingi ngapi kwenye msiba wa shangazi. Bima ya afya ya bibi imelipwa na nani, na inaisha lini. Mtoto wa marehemu kaka yuko kidato cha pili, ada ya Januari inatoka wapi. Paa la nyumba ya mzee linavuja upande wa magharibi. Jirani amesogeza mpaka hatua mbili. Binti yetu ameposwa, nani atakwenda kuwaona wakwe.

Kuna pia yale yasiyoandikwa. Ndugu wawili hawajasemeshana tangu Pasaka. Zamani mkosaji angekuja ameshika jani la isale, mmea uleule uliopandwa mipakani mwa vihamba, na ilikuwa aibu kubwa kumnyima msamaha mtu aliyekujia na jani hilo. Leo wengine bado wanalishika, wengine wanamwita mchungaji au padri, wengine wanamwachia shangazi mwenye ulimi mkali awakalishe chini. Njia hizo zote zinadai kitu kimoja: wagombanao wawe uani, uso kwa uso, na wasipate pa kukimbilia. Kwenye kundi la WhatsApp mtu hujitoa, mambo yakaishia hapo.

Hitaji la kufunga mwaka bila kinyongo si la Wachaga peke yao. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huadhimishwa mwezi Julai, na wanaume hupigana kwa mabua ya migomba hadharani ili kila mwenye dukuduku alimalize kabla mwaka haujaanza. Wao wanatumia mabua ya migomba, sisi tunabishana chini ya migomba. Watu wa pwani na watu wa mlimani waligundua ukweli uleule, kwamba mwaka mpya hauingii nyumba yenye ugomvi uliofichwa.

Kikao kimebadilika pia kwa jambo jema. Mabinti, ambao zamani walihesabiwa kuwa wa kwa watu, leo ndio mara nyingi majina yao yanaongoza kwenye daftari la michango. Krismasi wanaila ukweni, halafu wanapanda kwa wazazi kabla ya mwaka mpya. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeshatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Vikao vingi bado vinaipita aya hiyo kimyakimya. Lakini anayechangia paa ana haki ya kuulizwa kuhusu kiwanja lilipo.

Asubuhi ya kuondoka

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Jua halijapanda, ukungu bado uko kwenye migomba, na buti la gari liko wazi. Mama amesimama hapo na mkungu wa ndizi uliofungwa kwa kamba ya mgomba mkavu. Mwanawe anamwambia gari limejaa. Mama hajasikia. Anasogeza begi, anausukuma mkungu ndani, kisha anarudi jikoni. Anatoka na maharage kwenye mfuko, maparachichi mabichi yatakayoivia njiani, maziwa mgando kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia, na kuku hai aliyefungwa miguu. Mwanawe anacheka na kulalamika kwa pamoja. Mkwe anapanga vizuri zaidi, na vyote vinaingia.

Mzigo huo ni jibu. Wiki nzima mtoto ndiye aliyetoa: sukari, mchele, kitenge, bahasha. Mzazi hawezi kukubali mwaka uishe yeye akiwa mpokeaji tu. Ukimkatalia mkungu wake kwa sababu ndizi zipo sokoni Mabibo, hapa Dar, umemwambia kwamba hana tena cha kukupa.

Kisha wanasimama duara uani. Katika nyumba zilizoshika mila, mzee huinua kata ya mbege, akanywa funda, akamtemea kidogo kila anayeondoka, akimtakia njia njema, watoto na riziki. Katika nyumba nyingine ni sala, na katika nyingi ni vyote viwili, mzee akitangulia na katekista akimalizia. Halafu wanapita makaburini, kwa kuwa mlimani wafu wetu wamezikwa kihambani, hatua chache kutoka jikoni. Majani yameng'olewa tangu juzi. Wanaoondoka wanaagana na waliopo na waliotangulia katika uwanja mmoja, na mtoto wa miaka sita anasoma kwa sauti jina lililoandikwa kwenye saruji, anakuta ni jina lake.

Ndipo linapokuja jambo ambalo mimi naliona kuwa kilele cha sikukuu nzima, ingawa halina ngoma wala picha. Mama anashika mlango wa gari na kuanza kugawa kazi. Wewe utamtafutia mdogo wako fundi wa kumfundisha. Wewe utanipeleka hospitali ya KCMC macho yangu yaangaliwe. Wewe, usimwache dada yako huko mjini, hali yake siipendi. Anayasema kwa sauti ya chini, mtu mmoja mmoja, na hakuna anayebisha, kwa kuwa injini inaunguruma na baraka imeshatolewa. Daftari la kikao ni la fedha. Hili la mlangoni ni la watu, na analitunza mama kichwani mwake. Waswahili wamesema ndugu ni kufaana, si kufanana. Pale mlangoni ndipo kufaana kunapopangwa.

Tunapokosea

Kwa kuwa mmenialika mhadharani na si harusini, niseme na yasiyopendeza.

La kwanza ni maonyesho. Desemba imekuwa mashindano ya magari na ya bili za baa zilizopangana barabarani. Madhara yake yanawapata wasiokuwepo. Kuna ndugu zetu hapa mjini ambao biashara zao zimeanguka, na miaka inapita hawapandi mlimani kwa aibu ya mikono mitupu. Wanasema kazi zimewabana. Sikukuu inayomtisha aliyekwama imeshaanza kufanya kinyume cha kazi yake.

La pili ni mzigo wa wanaobaki. Yule mke wa mtoto wa mwisho amepika mbege, amepokea watu ishirini, ameamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Magari yakishashuka, yeye ndiye anayefua mashuka, kurudisha masufuria ya kuazima na kwenda dukani kuuliza deni limefika ngapi. Kwenye kikao alikuwa jikoni. Hakuulizwa lolote, wakati matunzo ya wazee kwa mwaka mzima yako mikononi mwake.

La tatu ni uharaka. Watu wanakula wiki nzima, kikao kinasogezwa mpaka jioni ya mwisho, nusu ya wajumbe wamelewa na nusu wanafunga mabegi. Alfajiri wengine wanaondoka kimya ili wawahi njia, wazee wakiwa bado wamelala. Wanapiga simu wakiwa Korogwe. Januari haijaisha, manung'uniko yameshaanza kundini: nani alisema atalipa ada, mimi sikusikia hivyo.

Ninachopendekeza

Kwa hiyo nina mapendekezo manne, na hakuna linalohitaji fedha.

Kwanza, siku ya kuagana ipewe siku yake nzima. Kikao kifanyike asubuhi, watu wakiwa wazima, angalau siku mbili kabla ya gari la kwanza kuondoka, ili kitakachozua hasira kipate usiku wa kupoa.

Pili, kikao kifunguliwe kwa kusoma daftari la mwaka jana. Kila aliyeahidi asimame aseme alichofanya na alichoshindwa. Aliyeshindwa asizomewe, asaidiwe. Asiye na fedha apewe kazi: kumsindikiza mzee hospitali, kumsomesha hesabu mtoto wa ndugu, kusimamia fundi wa paa. Mtu mwenye kazi kwenye ukoo hana aibu ya kupanda basi.

Tatu, wanaobaki wazungumze wa kwanza, na yule mke wa mtoto wa mwisho akiwamo. Jikoni wasimamie wanaume kwa asubuhi hiyo moja. Mtori wa ndizi hauna siri kubwa.

Nne, watoto wazungushwe kihamba kabla ya kuondoka. Waonyeshwe masale ya mpakani, mfongo unakotoka, makaburi na majina yake. Wengi wao hawasemi Kichaga, na Kilimanjaro wanaijua kwa picha iliyo kwenye chupa ya bia. Wazee wakiondoka, hao ndio watakaoamua kama pana haja ya kurudi, na hakuna atakayesafiri siku nzima kwenda mahali asipopajua.

Ndugu zangu, mnakwenda. Sherehekeeni, kuleni, chekeni, na hao wa utani mjini wakaribisheni siku moja wakaone. Lakini kabla ya kuwasha gari, ulizaneni swali moja: mwezi wa nne, masika yakishaharibu barabara ya kijijini na sikukuu ikiwa mbali, nani atapanda kwenda kumwona mama? Familia yenye jina la mtu huyo imeshaagana, na iondoke salama. Isiyo na jina ishushe mizigo, irudi uani, ikae tena.